Sigara kwa Mangi, bangi kwa polisi: barua kwa mwanangu

Kidia, Old Moshi

Mwanangu Aminieli,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, na mama yako naye kausikia, maana simu ilikuwa mezani na sauti ilikuwa juu. Yeye anasema nisikujibu. Anasema mvutaji haulizi ili ajue, anauliza ili ashinde. Huenda anasema kweli, lakini swali lenyewe lina akili, na unajua baba yako akipewa swali lenye akili halali.

Umesema hivi: huko juu Kisimiri, Arumeru, wanaolima bangi wanafyekewa mashamba na kuchomewa. Same mtu akikutwa na mirungi anapelekwa kituoni. Lakini fegi, yaani sigara, unaipata kwa Mangi yeyote mwenye duka kuanzia Ngaramtoni mpaka Usa River, moja moja, na laita imening'inizwa kwa kamba dirishani ili mteja asipate shida. Halafu ukamalizia: "Baba, kama nikotini ingekuwa uraibu kama mnavyosema, serikali ingeiacha?"

Nakujibu nikiwa mtu aliyekula mshahara wa tumbaku. Nilikuwa mteuzi kule Urambo, Tabora; kazi yangu ilikuwa kushika jani, kutazama rangi yake, kulinusa na kulipa daraja, na daraja hilo ndilo liliamua mkulima arudi nyumbani na nini. Ada yako ya sekondari ilitoka kwenye jani hilo. Sioni haya kulisema, na wala usilitumie tena kunifunga mdomo kama ulivyojaribu Krismasi mbele ya wajomba zako.

Tuanze na nikotini yenyewe, maana unaizungumzia kama uvumi. Mmea wa tumbaku huitengeneza kwenye mizizi na kuipandisha kwenye majani ili wadudu wasiutafune. Ni sumu, na kwa miaka mingi iliuzwa kama dawa ya kuulia wadudu. Ukipiga pafu, inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Huko inakaa kwenye vipokezi ambavyo mwili uliviweka kwa ajili ya kemikali yake wenyewe, dopamini, kemikali ya raha, inamwagika, na ubongo unajiandikia kwamba jambo hili lirudiwe. Baada ya kama saa 2 nusu ya nikotini imeshatoka kwenye damu. Ndiyo maana fegi ya asubuhi ni tamu kuliko zote: usiku mzima ulikuwa kwenye arosto ya kuikosa, ila ulikuwa umelala. Ukisema inakutuliza husemi uongo. Inakutuliza kutokana na fujo iliyoleta yenyewe.

Bibi yako hakuwahi kuvuta sigara hata moja, lakini ugoro haukumtoka mkononi. Alitwanga tumbaku, akachanganya na magadi. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza magadi ya nini, akasema bila magadi ugoro haushiki. Nilikuja kuelewa nikiwa kazini: magadi ni besi, yaani kinyume cha asidi, na nikotini ikikutana na besi inajiachia, inapenya ngozi laini ya pua na fizi upesi zaidi. Kampuni za sigara za Marekani zilifanya jambo la namna hiyo kwa kutumia amonia, zikiwa na maabara na wanasayansi wa kulipwa. Bibi alimaliza kazi hiyo kwa kijiko cha chai. Kwaresima alipojaribu kuuacha, nyumba nzima ilihamia mgombani, hakusemeshwa mtu. Usiniambie basi kwamba uraibu ni maneno ya wazungu.

Na waliouza walijua. Mwaka 1963 mwanasheria wa kampuni ya Brown and Williamson ya Marekani, Addison Yeaman, aliandika katika waraka wa ndani kwamba biashara yao ni kuuza nikotini, dawa yenye uraibu. Waraka ukafungiwa. Mwaka 1988 mganga mkuu wa serikali ya nchi hiyo, C. Everett Koop, akatoa ripoti nzima kuonyesha kwamba namna nikotini inavyomshika mtu inafanana na heroini na kokeini zinavyomshika. Kisha tarehe 14 Aprili 1994 wakuu saba wa kampuni za tumbaku wakala kiapo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, wakasema mmoja baada ya mwingine kwamba hawaamini nikotini inaleta uraibu. Kati ya waraka ule na kiapo hiki ni miaka 31.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana jibu la swali lako limelala hapa. Mwaka 1996 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ikasema: kama nikotini ni dawa, basi sigara ni chombo cha kuipeleka mwilini, na sisi ndio wenye kusimamia. Kampuni zikakimbilia mahakamani. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ikaamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba FDA haina mamlaka hayo. Na hoja yao? Sheria ya dawa inaitaka FDA iondoe sokoni kitu kisicho salama. Sigara haina kipimo ambacho ni salama. Kwa hiyo FDA ikikabidhiwa sigara itabidi iipige marufuku. Lakini Bunge, kwa miaka mingi, limekuwa likitunga sheria za maonyo na za matangazo, ishara kwamba lilitaka sigara iendelee kuuzwa. Basi FDA ikae kando.

Isome tena hiyo, wewe unayependa ubishi. Sigara ilikwepa sheria ya dawa kwa sababu ni mbaya mno kuweza kuingia humo. Ingekuwa mbaya kidogo tu, ingesimamiwa.

Mwaka 2009 Bunge la Marekani likaipa FDA mamlaka, lakini likafunga milango miwili: FDA hairuhusiwi kupiga marufuku sigara zote, wala kushusha nikotini mpaka sifuri. Kuipunguza inaweza. Januari 2025 FDA ikapendekeza nikotini ishushwe mpaka kiasi kidogo ambacho hakiwezi kumshika mtu. Ukiniuliza mimi, hilo ndilo pendekezo lenye maana kuliko mengine yote niliyowahi kusikia, na ndiyo maana litapigwa vita kweli kweli. Sigara isiyoshika mtu ni karatasi yenye moshi; nani atainunua mara ya pili?

Unaweza kusema hayo ni ya Marekani. Sawa, lakini sheria za dunia kuhusu vilevi ziliandikwa na wenye sauti, na wenye sauti walikuwa wavutaji. Tumbaku ilikuwa imeshakaa Ulaya miaka mia kadhaa kabla mtu hajajua inaua. Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza aliandika kijitabu cha kuitukana mwaka 1604 na kuipandishia ushuru juu sana. Baadaye biashara yake akaiweka chini ya ufalme, maana alikuwa ameona hela. Sultani Murad wa Nne wa Waturuki alitangaza mwaka 1633 kwamba mvutaji atauawa, na aliua kweli. Alipokufa yeye, tumbaku ilikuwa bado hai. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walipochapisha utafiti wao wa hospitali za London ulioonyesha sigara inahusiana na saratani ya mapafu, sehemu kubwa ya wanaume wa Uingereza walikuwa wanavuta. Doll mwenyewe alikuwa akivuta; aliacha kwa sababu ya takwimu zake mwenyewe. Sasa fikiri serikali ya watu hao ingepigaje marufuku kitu kilichokuwa mdomoni mwa mawaziri, madaktari na wapiga kura? Mwaka 1961 mataifa yalipokutana kuandika mkataba mmoja wa dawa za kulevya, orodha ikawa na kasumba, koka na bangi. Tumbaku haikuwemo. Orodha haikupangwa kwa kupima kipi kinaua wengi zaidi. Ingepangwa hivyo tumbaku ingekuwa juu kabisa, maana Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya milioni 7 kwa mwaka.

Kwa hiyo yule mkulima wa Kisimiri amefyekewa shamba kwa mmea ambao haukuwa na watetezi kwenye meza hiyo. Sisemi bangi ni nzuri, usinielewe vibaya na usikimbie na sentensi hii kwenye kijiwe chenu. Nasema unapotumia sheria kupima usalama wa kitu, umechukua mzani ambao haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

Tuje nyumbani sasa. Watu wengi huku mlimani wanadhani tumbaku ni mambo ya kiwandani tu. Mkulima wa Urambo anaanza na kitalu, mvua zikishika anahamishia miche shambani, kisha anachuma jani kwa jani kuanzia chini, anayatunga kwenye fito, anayapandisha kwenye bani na kukoka kuni usiku na mchana mpaka yakauke. Kuni hizo ni miombo. Nilipofika na nilipoondoka, msitu ulikuwa umesogea mbali na vijiji. Asubuhi za umande wachumaji hulowa maji ya majani, nikotini inapita kwenye ngozi, na utamkuta kijana mwenye nguvu zake anatapika kwenye tuta kama mjamzito. Hajavuta hata moja. Hilo hulioni kwenye pakiti.

Kwa nini haachi? Kwa sababu tumbaku ndilo zao linalomkopesha. Mbolea na dawa vinakuja kwa mkopo kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mnunuzi ana mkataba naye kabla hajapanda, na enzi zangu bei ilitajwa kwa dola. Mahindi hayana heshima hiyo. Mwenye mahindi anakaa na magunia yake akimsubiri dalali, na dalali akija anakuja na bei yake. Kwa wenzetu Kenya, kaunti ya Migori, mashirika ya Umoja wa Mataifa na serikali walianza mwaka 2022 kuwahamisha wakulima kutoka tumbaku kwenda maharage yenye madini mengi ya chuma, na siri ilikuwa moja: waliwatafutia mnunuzi wa uhakika. Bila mnunuzi, kumwambia mtu wa Urambo aache tumbaku ni kumwambia mtoto wake akae nyumbani. Nilikuwa nikimwambia nani, na mimi ndiye niliyekuwa natoa madaraja?

Halafu kuna hazina. Kila Juni Waziri wa Fedha anaposimama Dodoma kusoma bajeti, sikiliza ushuru wa bidhaa: bia na sigara ni wageni wa kudumu. Ile Kampuni ya Sigara Tanzania ni ya Wajapani kwa hisa nyingi, tawi la Japan Tobacco; na sheria ya Japani inaitaka serikali yao imiliki zaidi ya theluthi moja ya Japan Tobacco. Uchina kampuni kubwa kuliko zote duniani ni ya serikali moja kwa moja. Kwa hiyo ukisema "serikali ingeiacha?", ni serikali gani hiyo unayoisema? Nyingine ni mwenye duka.

Najua utakaponijia: utasema serikali haiwezi kupiga marufuku kitu ambacho watu wamekizoea. Inaweza, mwanangu, ikitaka. Tarehe 1 Machi 2017 viroba vya pombe kali vilikwisha nchini. Ulikuwa mdogo lakini utakumbuka vile vifuko vilivyokuwa vimetapakaa stendi. Juni 2019 mifuko ya plastiki ikafuata, na wote tukarudi kwenye vikapu kama bibi zetu. Tofauti ni kwamba kiroba kilikuwa kifungashio. Pombe ile ile ilibaki kwenye chupa, kwa hiyo mlevi hakunyimwa kitu, alipandishiwa bei tu. Mfuko nao haumfanyi mtu atetemeke asubuhi akiukosa. Sigara ukiiondoa, unaondoa kitu ambacho miili ya watu tayari inakidai.

Hili limejaribiwa. Bhutan, ile nchi ndogo ya milimani kati ya Uchina na India, ilipiga marufuku uuzaji wa tumbaku mwaka 2004. Ikaingia kwa magendo kutoka India. Korona ilipofunga mipaka mwaka 2020, serikali yenyewe ikafungua maduka ya kuuza sigara ili wasafirisha magendo wasilete ugonjwa, na mwaka uliofuata sheria ikalegezwa. Afrika Kusini nayo ilizuia uuzaji kuanzia mwisho wa Machi 2020 mpaka katikati ya Agosti. Wavutaji wengi waliendelea kuvuta, kwa bei ya juu mno, na faida ikaenda kwa watu wasiolipa kodi. New Zealand walichukua njia ya polepole: sheria ya Desemba 2022 kwamba aliyezaliwa kuanzia Januari 2009 asiuziwe tumbaku maisha yake yote. Ilikuwa nzuri. Serikali mpya ikaifuta Februari 2024, na waziri wao wa fedha hakuficha kwamba mapato ya sigara yangesaidia kulipia punguzo la kodi.

Umeona mzunguko wake? Uraibu ambao wewe unaukana kwa kuwa sigara inauzwa, ndio unaoilinda sigara. Kinachomshika mtu kinapata wateja wa kudumu. Wateja wa kudumu wanaleta kodi ya kudumu. Na ukitaka kukizuia, wale wale walioshikwa wanakwenda kukitafuta gizani. Kisingekuwa na uraibu, kingepigwa marufuku kama kiroba, na hakuna ambaye angeandamana.

Mimi sitaki marufuku ya kesho asubuhi. Nimewaona watu wa Urambo, na nimeona magendo yanavyofanya kazi mpakani Holili. Ninachotaka ni kwamba fegi moja moja ikome. Anayenunua moja haoni pakiti, kwa hiyo haoni onyo; na senti zake chache ndizo zinazomwezesha mtoto wa darasa la saba kuanza. Sheria yetu ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, lakini niambie Mangi gani hapo kwenu aliwahi kukuuliza umri. Nikiwa diwani, ningeanza na ile laita ya kamba.

Jambo moja umelisema sawa, na nakupa haki yako: nikotini peke yake siyo inayojaza wodi. Kinachoua ni moshi, ile lami na hewa ya kaboni monoksidi na sumu nyingine zaidi ya 70 zinazojulikana kusababisha saratani. Nikotini kazi yake ni kukurudisha kwenye moshi. Ndiyo maana mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliiweka nikotini ya kubandika na ya kutafuna kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa ajili ya wanaotaka kuacha. Kama huko Arusha utaiona kwenye famasi kubwa, niambie bei na nitatuma. Siku mbili tatu za kwanza ndizo mbaya kuliko zote. Utagombana na mwenye nyumba na utashindwa kulala. Usizianze wiki ya mitihani.

Yule Doll niliyemtaja hakuishia 1950. Kuanzia 1951 aliwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50, na matokeo yakatoka mwaka 2004 akiwa na zaidi ya miaka 90: mvutaji wa maisha hupoteza kama miaka 10, lakini aliyeacha akiwa na miaka 30 huirudisha karibu yote. Aliyeacha akiwa na 60 hurudisha kama 3. Wewe una 22. Hesabu unaijua kuliko mimi.

Safari hii sikuamrishi kitu, maana nilikuamuru ulipokuwa kidato cha tatu na matokeo yake tunayajua. Ila nataka hoja. Niandikie, ukiwa na jina la baba yangu ambaye hakuwahi kushindwa ubishi kwenye baraza lolote la Old Moshi: ungekuwa wewe waziri, ungefanya nini na familia za Urambo siku unayofunga kiwanda? Na usinitumie sauti. Andika, ili mama yako akiuliza nimwambie ni mambo ya chuo.

Baba yako